Maswali yenu kuhusu 2,147,483,647

Niliposema hapa kwamba 2,147,483,647 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, maswali yalimiminika. Nayajibu machache.

Shikamoo mwalimu. Namba hii imetoka wapi?

Marahaba. Andika 2 mara 31, uzizidishe zote pamoja (ndiyo 2 kipeo cha 31), kisha toa 1. Namba tasa za umbo hili zina jina la Mersenne, mtawa wa Ufaransa wa karne ya 17.

Nani aliigawanya kwa namba zote hadi akajua ni tasa?

Hakuna, na utamu wenyewe uko hapo. Kwanza, huhitaji kuvuka kipeuo chake cha pili, ambacho hakifiki 46,341: kigawanyo kikubwa kuliko hapo lazima kiwe na mwenzake mdogo. Hata hivyo, chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 4,700. Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akazichuja. Alijua kuwa kigawanyo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Zenye sifa hiyo hazifiki 400, na nyingi hutupwa mara moja. 63 yenyewe inagawanyika kwa 3. Zilizosalia akazijaribu, zote zikaacha baki. Matokeo yalichapishwa mwaka 1772, macho yake yakiwa karibu yamepofuka kabisa. Wewe una kikokotoo kwenye simu.

Kwa hiyo 2 kwa kipeo cha namba tasa yoyote, toa 1, ni tasa?

Hapana. Chukua kipeo 11: unapata 2,047, ambayo ni 23 × 89.

Inahusianaje na namba timilifu?

Namba timilifu ni jumla ya vigawanyo vyake vyote isipokuwa yenyewe, mfano 6 = 1 + 2 + 3. Zidisha namba yetu kwa 2 kipeo cha 30, upate 2,305,843,008,139,952,128, nayo ni timilifu. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kuwa haitapatikana kubwa zaidi, maana hazina faida na nani atahangaika? Hakuwajua watu wa namba. Mwaka 1883 Ivan Pervushin, kasisi wa Urusi, alithibitisha kuwa 2 kipeo cha 61, toa 1, ni tasa, na timilifu kubwa kuliko ile ya Barlow ikazaliwa papo hapo.

Mwanangu anasema kompyuta zitachanganyikiwa mwaka 2038 kwa sababu yake. Kweli?

Ana hoja. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa biti 32, yaani nafasi 32 za tarakimu 0 au 1, moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi. Biti 31 zinazobaki hujaa zikifika namba yetu, tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mfumo ambao haukurekebishwa utadhani ni Desemba 1901. Simu na kompyuta za sasa kwa kawaida hutumia biti 64; mimi nahofia zaidi vifaa vilivyofichwa ndani ya mitambo, ambavyo hakuna anayekumbuka kuvisasisha.