Ukipata semina ya Newberry, anza na boksi moja

Mwaka huu wadogo zangu kadhaa wanaosoma historia na fasihi kwenye vile vyuo vidogo vya Midwest, majimbo ya kati-kaskazini ya Marekani, wameniuliza kuhusu semina za maktaba ya Newberry pale Chicago, kama kweli zina faida au ni kupoteza hela na muda. Jibu langu ni nenda, tena omba mapema. Ila kuna mambo natamani mtu angenikalisha chini akaniambia kabla sijapanda basi, maana semina fupi ni wiki chache tu na mi siku nane za mwanzo zilipotea hivi hivi.

Kwa asiyeijua, Newberry ni maktaba ya utafiti inayojitegemea, ilianzishwa 1887 kwa mali aliyoacha mfanyabiashara mmoja wa mji ule, Walter Newberry, na jengo lake la mawe pale Walton Street lipo toka 1893. Kuingia bure, hata wewe usiyekuwa na chuo unaweza kujiandikisha ukapewa kadi ya msomaji. Vitabu haviazimwi, hata uwe profesa mkubwa namna gani unasomea mle mle, na huruhusiwi kuzunguka kwenye rafu kujichagulia, unaomba kitu kwa namba yake alafu unaletewa mezani. Vyuo kama Grinnell, Knox, Beloit na Macalester vina umoja wao na kwa miaka mingi vimekuwa vikipeleka wanafunzi pale kupitia umoja huo, kuna semina ya semesta nzima na kumekuwa na hizi fupi. Mnakuwa kikundi kidogo na maprofesa wenu, mnasoma pamoja, alafu kila mtu anatafuta utafiti wake kwenye makaratasi ya zamani yaliyomo humo ndani, yamepangwa kwenye maboksi yenye namba.

Sasa kosa langu. Nilienda na mada kubwa, kuhama kwa watu weusi kutoka majimbo ya kusini kuja Chicago, na kwenye karatasi ya maombi ilionekana nzuri sana, profesa wangu akaisifia. Nikafika pale nikaandika kwenye katalogi, majibu yakaja mengi hata sijui nianzie wapi, basi nikawa naomba hiki naomba kile, nafungua nafunga, jioni nimechoka na daftari halina kitu cha maana. Siku ya tisa mama mmoja mkutubi akaja mezani akaniuliza, unamtafuta nani hasa, alikuwa anafanya kazi gani, mwaka gani? Nikakosa jibu. Tukaanza tu kuongea, katika kuongea nikamwambia babu yangu alifanya kazi reli, Tabora, miaka mingi. Akatulia kidogo akasema basi wewe kaangalie makaratasi ya Pullman.

Pullman ilikuwa kampuni ya mabehewa ya kulala, na makaratasi yake mengi yametunzwa pale Newberry. Wahudumu wa yale mabehewa, maporta, walikuwa watu weusi karibu wote, na wale wa mwanzo kabisa baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani kuisha 1865 wengi walikuwa wametoka utumwani. Abiria walikuwa wanawaita wote George, yaani jina la mwenye kampuni, George Pullman, kama vile enzi za utumwa mtu alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Niliposoma hapo niliacha penseli. Babu alikuwa anatusimulia kwamba enzi za mkoloni wakubwa wa reli walikuwa wanamwita boi, mtu mzima ana watoto sita. Swali langu likawa limepatikana hapo hapo, tena dogo tu: ndani ya makaratasi ya kampuni yenyewe, huyu porta anaitwaje? Kwa jina lake, kwa namba, au kwa kazi yake?

Kuanzia hapo kazi ikaenda. Nilikuwa naomba boksi moja, nalimaliza ndo naomba lingine. Kwenye maelekezo ya kazi nikakuta habari ya mablanketi, kwamba blanketi za maporta ni za bluu ili zisichanganyikane na za abiria, kitu kidogo hicho lakini kilinipa kurasa tatu, maana kinakuonyesha kampuni ilivyokuwa inamwona mtu inayemtegemea usiku kucha. Nikaelewa vizuri kwa nini chama chao cha wafanyakazi kilichoanzishwa 1925, A. Philip Randolph akiwa ndo kiongozi, kilipigania heshima sambamba na mshahara, na kwa nini iliwachukua mpaka 1937 kampuni kusaini nao mkataba. Ile mada yangu kubwa ya watu kuhama ikaingia yenyewe humo humo, maana hawa maporta ndo waliokuwa wanabeba magazeti ya watu weusi ya Chicago, yaliyokuwa yanahimiza watu wahame, kuyapeleka kusini.

Kwa hiyo kabla hujasafiri, kaa chini na orodha za maboksi, ziko onlaini, kila mkusanyo mkubwa una maelezo yake, boksi la ngapi lina nini. Soma hizo orodha kama unavyosoma kitabu. Nyingine ndefu, vumilia tu.

Kingine kilichonigharimu ni picha. Wanaruhusu kupiga picha kwa simu bila fleshi kwa ajili ya utafiti wako, basi mi nikapiga mamia bila kuandika namba ya boksi na folda. Nilipokuja kuandika nina ukurasa mzuri kabisa na sijui umetoka wapi, na kitu usichojua kimetoka wapi huwezi kukitumia. Siku mbili nzima nikarudia. Andika namba kwenye kikaratasi, kiweke pembeni ya ukurasa, ndo upige.

Humo ndani ni penseli tu, kalamu ya wino hapana. Begi, koti na maji vinabaki kwenye kabati nje. Mikono iwe misafi na mikavu, wengi tunadhani lazima glovu lakini kwa karatasi za kawaida mkono mtupu unashika vizuri zaidi. Vaa sweta. Na mwandiko wa zamani wa kuunganisha usikutishe, siku ya kwanza husomi mstari, siku ya nne unauzoea.

Kama uko kwa viza ya mwanafunzi ongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni mapema, na ofisi ya fedha uwaulize kama msaada wako wa masomo unakufuata huko. Usidhani tu. Mwenzangu mmoja alidhani hivyo, na mwezi mzima akawa anaishi kwa kuchangiwa chakula na sisi.

Na wakutubi, jamani, ongeeni nao siku ya kwanza, msisubiri ya tisa kama mimi. Wanayajua yale maboksi kama mama anavyojua jiko lake na wanafurahi kuulizwa. Niliporudi Dar nikaenda Nyaraka za Taifa kutafuta habari za reli, nilianza kwa kumsalimia aliyekuwepo mezani na kumweleza namtafuta mtu gani na miaka ipi, na siku hiyo hiyo nilitoka na namba za mafaili.

Anayeomba sasa hivi, kwenye barua yako usiandike mada pekee. Taja mkusanyo mmoja, namba ya boksi moja, na swali ambalo hilo boksi linaweza kukujibu. Ukishayaandika nitumie, ntakusomea kabla hujapeleka.