Maswali ya Wasomaji: Kusokota uzi kulifundishaje hesabu?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mpango wa Wardha wa India, 1937, ulitaka mtoto ajifunze kwa kazi ya mikono. Uzi na hesabu vinakutana wapi?
Mwalimu, Kondoa

JIBU: Marahaba. Vinakutana kwenye kupima. Uzi namba 20 maana yake mashada 20 ya uzi, kila moja yadi 840, katika uzito wa ratili moja, yaani yadi 16,800. Mtoto anahesabu mizunguko, anapima uzito, anagawanya. Pamba isipochambuliwa vizuri, uzi huwa na vinundu na hukatika. Hapo ndipo sayansi inapoingia.

Kamati ya Zakir Husain, iliyoandaa mpango huo, iliipa kazi ya mikono saa 3 na dakika 20 kati ya saa 5 na nusu za shule kwa siku. Nyingi mno! Tena mauzo ya vitu walivyotengeneza watoto yalitarajiwa kusaidia mishahara ya walimu, ndiyo maana wapinzani waliona watoto wanageuzwa vibarua.