Maswali ya wasomaji: kompyuta nzito ya Mafinga, flashi ya "TB 2" na simu inayozimika Makete

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu hapa Mafinga. Nina kompyuta mpakato ya mtumba, RAM GB 4, diski GB 500, Windows 10. Nikiiwasha naweza kubandika chai ikachemka bado inazunguka tu. Fundi mmoja anasema niongeze RAM, mwingine anasema tupige Windows upya. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwalimu. Kabla hujampa hela yeyote kati yao, ipime mashine yenyewe. Iwashe, iache dakika tano itulie, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Tazama safu za CPU (prosesa), Memory (yaani RAM, kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) na Disk. Disk ikiganda kwenye 100% huku CPU ikicheza kwenye 10 au 20 na Memory iko nusu, tatizo ni diski. Hapo RAM utakayoongeza haitakusaidia sana. Lakini Memory nayo ikiwa juu ya 85% kabla hujafungua chochote, RAM imejaa na Windows inahamishia mzigo kwenye diski. Fundi wa kwanza atakuwa na hoja.

Kwa mashine za aina yako, mara nyingi mkosaji ni diski. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, nyingi mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinachohama huku na huko kutafuta data. Faili ndogondogo zilizotawanyika inazisoma kama mia moja tu kwa sekunde, na Windows inapowaka inasoma maelfu. SSD, diski ya kisasa inayohifadhi data kwenye chipu, haina kinachozunguka, ndiyo maana hata ile ya bei ya chini inaiacha mbali. Kupiga Windows upya juu ya diski ileile kutakupa nafuu ya wiki chache, kisha mtarudi palepale.

Nunua SSD ya SATA ya inchi 2.5, unene mm 7. GB 240 zinatosha kwa kazi za shule. Kabla ya kufungua skrubu hata moja, weka programu ya CrystalDiskInfo uangalie afya ya diski ya sasa. Ikiandika Caution, hasa kwenye mistari ya 05, C5 au C6, acha mengine yote na ukopi mitihani na picha kwanza. Diski ya hivyo inaweza kufa katikati ya kazi.

Kuna wanaopenda kunakili diski nzima kwa Clonezilla. Wengi hukwama hapo: kwa mipangilio yake ya kawaida inakataa kutoka GB 500 kwenda GB 240, hata kama umetumia GB 90 tu, kwa sababu inalinganisha ukubwa wa diski, haiangalii kilichojaa. Ni rahisi zaidi kuweka Windows safi kutoka kwenye flashi ya GB 8. Leseni ya Windows 10 ikishaamilishwa kwenye mashine hiyo hutambulika kwa ubao mama, kwa hiyo kubadilisha diski hakuipotezi. Ikikuuliza namba ya leseni, ruka, iunganishe na intaneti baadaye.

Ila jua kwamba masasisho ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mafundi wanajua kuilazimisha kwenye mashine ya zamani, na inawaka, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Mimi ningejaribu kwanza Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, hivyo unaionja kabla ya kuamua. LibreOffice, programu yake ya kuandikia, inafungua mitihani ya Word. Kagua tu majedwali na fomula za hesabu, huko ndiko mpangilio huharibika.

Ukiongeza RAM, soma lebo ya iliyopo. PC3L ni DDR3L ya volti 1.35, PC3 bila L ni ya volti 1.5, na kuna mashine zisizowaka kabisa zikipewa hiyo ya pili. PC4 ni DDR4, haiingii hata kwenye tundu la DDR3. Na kama Windows yako ni ya biti 32, hazitatumika zaidi ya GB 4 hata ukiweka 8.

Na kwa kuwa uko Mafinga: vumbi la mbao. Linajikusanya kati ya feni na mapezi ya kupoozea, prosesa inapata joto na kujipunguzia kasi yenyewe. Kama feni inanguruma muda wote, zima mashine, toa betri, fungua mfuniko wa chini, safisha kwa brashi laini kavu. Ukitumia bloa, zuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke, la sivyo utaua beringi zake.

SWALI: Nimenunua flashi ya TB 2 Mwanjelwa kwa bei ya kutupa. Kompyuta inaonyesha TB 2 kweli, ila muvi zinacheza mwanzo tu, nyingine hazifunguki. Ni kirusi? (Msomaji, Mbeya mjini)

JIBU: Si kirusi, umeuziwa namba. Kidhibiti cha ndani kimerekebishwa kidanganye ukubwa. Ndani pengine kuna GB 16 au 32, na zikijaa, data mpya inafuta ya zamani au inapotelea hewani. Majina ya faili unayaona kwa sababu orodha yake hukaa mwanzoni mwa flashi.

Kuthibitisha, tumia H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Kopi kwanza chochote kinachofunguka, kisha ifomati. Usipime TB 2 zote: kwa kasi ya MB 10 kwa sekunde ni saa 55 za kuandika tu. Iambie iandike MB 70,000 halafu isome; chini ya saa mbili za kuandika, kisha muda wa kusoma, na uongo mwingi utajulikana humo. Ripoti itakuonyesha GB ngapi ni za kweli. Rudisha dukani ukiwa na ripoti hiyo. Muuzaji akigoma, tengeneza patisheni (sehemu iliyotengwa ya flashi) ndogo kuliko ukubwa halisi, uitumie kubebea miziki, si vyeti.

Flashi halali ya GB 64 kuonyesha 59 ni kawaida. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024.

SWALI: Mwezi wa Juni na Julai simu yangu inazimika asubuhi ikiwa na 30%. Nikichomeka chaja inawaka na kuonyesha zaidi ya nilivyoiacha. (Msomaji, Makete)

JIBU: Ni baridi. Ukinzani ndani ya betri ya lithiamu hupanda ikipoa, volti inadondoka ghafla simu inapohitaji nguvu, nayo inajizima ikidhani chaji imekwisha. Ibebe mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kosa kubwa ni kuichaji ikiwa bado ya barafu: chini ya nyuzi 0 za Selsiasi lithiamu hugandia kwenye elektrodi kama chuma, na uwezo huo haurudi tena. Iache chumbani nusu saa kwanza, tena ndani ya begi, ili unyevu usigande kwenye kioo. Usiiweke pembeni ya jiko la mkaa. Ikizimika hivyo hata saa saba mchana, betri imechoka, badilisha.

SWALI: Je, soketi ya kuzuia shoti inatosha kulinda TV na kompyuta dhidi ya radi? (Msomaji, Tukuyu)

JIBU: Haitoshi. Inapunguza misukosuko ya umeme wa kila siku, lakini radi ikipiga karibu, umeme wake unaipita kinga hiyo. Ukisikia ngurumo za mbali, chomoa plagi ukutani, na waya wa dishi pia, maana wengi huchomoa umeme wakasahau huo. Radi ikishafika juu ya paa, usiguse waya wowote.