Ukienda Lares, panga kwanza utakapolala

Wengi wanaoniuliza kuhusu Lares, kwenye milima ya Peru, wameshapanda Kilimanjaro, basi wanajiona wako tayari. Lakini Kilimanjaro unaanzia chini, mwili unapata muda. Huku ndege inatoka Lima, mji wa pwani, na kwa muda wa saa moja na kidogo inakushusha Cusco, mji wa milimani, mita 3,400 hivi. Ngazi za hoteli tu zinakuhemesha, uwe umefika Uhuru au hujafika.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei, hesabu vitanda. Siku ya kutua mimi silali Cusco. Napanda kolektivo, vigari vya abiria kama daladala zetu, nateremka Ollantaytambo, kwenye mita 2,800 hivi. Nakaa huko siku mbili tatu, natembea kidogo, nakunywa maji, pombe hapana. Ndipo narudi kulala Cusco, kisha milimani. Kanuni inayofuatwa ni hii: ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya kulala kwako jana na leo, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika. Mchana waweza kupita juu zaidi, mradi usiku uwe umeshuka. Kampuni ikikuambia mtaanza kupanda kesho yake baada ya kutua, tafuta nyingine. Habari ya vidonge vya acetazolamide, vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, muulize daktari kabla hujasafiri. Na mtu akianza kuyumba kama mlevi, ugonjwa huo umeshamzidi: hasubiri kuche, anashushwa.

Njia ninayoipenda inaanzia Lares, kwenye chemchemi za maji moto, inapitia Huacahuasi, inavuka mgongo wa mlima unaokaribia mita 4,500, halafu inateremka Patacancha hadi Ollantaytambo. Haihitaji kibali kama ile Njia ya Inka ya kwenda Machu Picchu, magofu ya mji wa kale wa Wainka, ambayo kila Februari hufungwa. Ila kama utapitia Machu Picchu kwenyewe, tiketi ikate mapema. Nenda kati ya Mei na Septemba, mvua ni chache, ila usiku maji yanaganda ndani ya chupa. Mizigo hubebwa na farasi na nyumbu.

Sasa vijiji. Hapa watu wanaishi, wanalima viazi na kufuga llama na alpaka, wanyama wa jamii ya ngamia. Hawakuwekwa pale kwa ajili ya picha. Salimia kwanza, omba ndipo upige. Wazee wengi wanaongea Kikechua, Kihispania kwao ni cha kubabaisha, hivyo chagua kiongozi anayekijua Kikechua, tena ikiwezekana mzaliwa wa huko. Tofauti utaiona jioni, mtakapokaribishwa jikoni badala ya kuachwa hemani.

Beba soli, fedha ya Peru, za noti ndogo na sarafu. Huacahuasi utawakuta akina mama wamekaa chini, kitanda cha kufumia kimefungwa kiunoni upande mmoja na kwenye mti upande wa pili, wanabana nyuzi kwa kipande cha mfupa wa llama. Mmoja atasaga vidudu vya kochinili kiganjani hadi vitoke wekundu wa damu, akamulie ndimu, rangi igeuke ya chungwa mbele ya macho yako. Shali moja inaweza kula wiki kadhaa. Ukiishaangalia kazi hiyo, kuanza kuvutana bei kama uko mnadani mimi naona ni aibu.

Peremende za watoto ziache. Kama unataka kutoa, peleka madaftari shuleni, umkabidhi mwalimu.

Utapewa majani ya koka utafune, au chai yake. Peru ni halali na mimi hunywa, ila ukipimwa mkojo kazini yanaonekana kama kokeini. Kwingi ni marufuku kuingia nayo, hata pakiti ya chai. Kagua kila mfuko wa jaketi kabla ya kwenda uwanja wa ndege, hasa kama unarudi kupitia Dubai au Doha.