Pikipiki inatanuka ukitoka kona
Kama ukivuta mafuta kutoka kona inakimbilia nje, usianze kuchezea skrubu za shokapu. Pima kwanza nyuma inavyozama ukiipanda. Inua gurudumu la nyuma lining'inie, pima kutoka ekseli hadi alama yoyote kwenye mkia. Kisha ishushe chini, panda ukiwa umevaa kila kitu cha mbio, helmeti pia, mwenzako apime tena. Tofauti ikizidi milimita 35 hivi, kaza springi: nyuma ikikaa chini, mbele inakuwa nyepesi na haikati kona. Ukiikaza hadi mwisho na bado inazama, springi yenyewe ni laini kwa uzito wako, badilisha. Na upepo wa tairi? Huo ukague kabla ya yote, shokapu nyingi husingiziwa bure.