Walimu wa TP (mlio kwenye mazoezi ya kufundisha) wa jiografia, hilo la "Januari tuko karibu na jua" naomba muliache

Juzi Jumanne nilikaa dawati la nyuma kumsikiliza mwalimu wa TP, kijana mzuri, skimu ya kazi safi, lesoni plani iko sawa, sauti yafika mpaka dirishani, nikasema moyoni alhamdulillah huyu nimempata. Ikafika katikati ya kipindi, msichana mmoja wa mstari wa mbele akanyosha mkono, mwalimu mbona Januari joto lile la kulala sakafuni na sai Julai twajifunika blanketi? Swali zuri mtoto atoka nalo nyumbani kwao! Mwalimu akajibu bila hata kusita, kwa sababu Januari dunia huwa karibu na jua na Julai huwa mbali. Darasa zima wakainama wakaandika. Nilisikia zile kalamu zikikwaruza karatasi nikakosa raha mpaka kengele ikalia.

Huyo ni wa tatu muhula huu. Na mimi mwenyewe nililisema hilo hilo miaka miwili ya mwanzo, kwa hivyo nawaandikia hapa mambo niliyojifunza kwa kuumia, wadogo zangu, mkayasome kabla hamjashika chaki wiki ijayo.

1. Umbali wa jua. Ubaya wa kosa hili ni kwamba ukiwa Mombasa laonekana kweli. Dunia kweli huwa karibu zaidi na jua mwanzo wa Januari, kama kilomita milioni 147, na mbali zaidi mwanzo wa Julai, milioni 152. Na kwetu Januari ni joto, Julai ni baridi yetu hii ya pwani. Kila kitu chalingana, mtoto hana sababu ya kukukatalia, na ndiyo maana linakaa kichwani mpaka analipeleka chuo kisha analirudisha darasani akiwa na TP. Dawa yake ni swali moja tu. Waulize mpira wa Uingereza wa Januari wauonaje kwenye tivii? Watakwambia wenyewe, wachezaji wamevaa glavu, mdomoni watoka moshi, kocha amejifunga skafu. Basi wale nao si wako kwenye dunia hii hii iliyo karibu na jua? Hapo ukinyamaza dakika moja, usiseme kitu, utawaona nyuso zao zikibadilika.

Umbali wachangia kidogo, msiufiche, Januari dunia nzima hupata mwanga wa jua kama asilimia 7 zaidi ya Julai. Lakini kinachogeuza misimu ni mhimili, ule mstari dunia inaojizungushia, kuinama digrii 23 na nusu, na kuinama kule kule upande ule ule mwaka mzima tukilizunguka jua. Tochi na karatasi ya grafu vyatosha kuonyesha, piga mwanga wima mhesabu visanduku, kisha inamisha karatasi mhesabu tena, mtaona mwanga ule ule umetawanyika visanduku vingi zaidi.

2. Tufe. Mkizunguka nalo meza kuonyesha mwaka, musiligeuze likawa kila mara limeinamia taa mliyoiweka kuwa jua! Hili nimeliona mpaka kwa walimu wa miaka kumi. Kichwa cha mhimili chaelekea upande mmoja tu, kama ni mlangoni basi ni mlangoni mwaka mzima, Juni kimeinamia taa, Desemba kimeipa mgongo. Na mkisema kinaelekea nyota ya kaskazini msiwatume watoto wakaitafute usiku, sisi tuko kusini ya ikweta, hapa Mombasa nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho, mtoto atakesha ufuoni bure.

3. Hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka wangu wa tatu kazini nilikuwa shule moja ng'ambo ya kivuko. Kitabu kilisema tarehe 21 Machi jua liko utosini kwenye ikweta saa sita mchana, na mimi nikajiambia Mombasa na ikweta ni pua na mdomo, basi na kwetu vile vile. Wiki nzima niliwaandaa watoto, nikawaambia siku hiyo mtaona kitu cha ajabu, kivuli kitapotea. Siku ikafika nikawatoa darasa lote, arubaini na kitu, tukaenda uwanja wa paredi, nikasimamisha rula ya mita ya ubaoni, nikatundika uzi na jiwe kama timazi ili isipinde. Kengele ya saa sita ikalia. Kivuli kipo. Si cha kubahatisha, kipo wazi kabisa kwenye saruji, kimelala kuelekea jikoni la shule, ukipima ni sentimita 14 na kidogo.

Watoto wakaniangalia. Nikasema subirini. Tukasubiri kidogo, jasho latutoka, kivuli kipo. Kulikuwa na kijana mmoja mpole, mtoto wa wavuvi, hazungumzi sana darasani, akasema taratibu kabisa, mwalimu, jua la utosini lishapita, babu alituonyesha kwenye mlingoti wiki ile nyingine, hakukuwa na kivuli. Nikamwambia wacha ubishi, babu yako si mwalimu wa jiografia. Mbele ya wenzake. Wengine wakacheka. Kisha nikawaambia darasa ardhi ya pale haiko sawa, andikeni kivuli ni sufuri. Wakaandika. Wakiwa wamesimama mbele ya kivuli chenyewe wakakiona kwa macho yao, wakaandika sufuri kwa sababu mimi nimesema sufuri.

Yeye peke yake aliandika 14. Jioni nikisahihisha nikalikuta daftari lake, amechora rula, amechora kivuli, ameandika "sm 14" kwa hati nzuri, nikampigia X nyekundu.

Usiku haukunipitia. Ilikuwa ile Machi ya kaskazi imelegea, hakuna upepo, nimekaa barazani na daftari na kalkuleta nikaanza kufanya hesabu ambayo ningeifanya wiki mbili nyuma. Mombasa iko digrii 4 kusini ya ikweta. Basi jua likienda kaskazini hutupitia sisi kabla ya kufika ikweta, kama tarehe 10 Machi, na likirudi hutupitia tena kama tarehe 3 Oktoba. Tarehe 21 lishatuacha. Na saa pia, saa zetu za Afrika Mashariki zafuata digrii 45 mashariki, Mombasa iko digrii 39 na dakika 40, tofauti ni digrii 5 na sehemu ya tatu, dunia yajizungusha digrii moja kila dakika 4, kwa hivyo adhuhuri ya jua kwetu yachelewa dakika 21 kuliko saa ya ukutani. Juu ya hapo dunia haiendi mwendo sawa mwaka mzima na mhimili umeinama, Machi mwishoni hivi hiyo yaongeza dakika 7 nyengine, Oktoba mwanzo yapunguza kama 11. Yaani siku ile hata ningesubiri mpaka saa sita na dakika 28 bado kingebaki kivuli cha sentimita 7. Babu alikuwa sawa, mtoto alikuwa sawa, rula ilikuwa sawa, saruji ilikuwa sawa.

Na asubuhi sikusema kitu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lile la uwanjani, manake la uwanjani lilikuwa ujinga na la asubuhi lilikuwa kiburi. Nikajiambia nitawaambia baada ya mtihani, baada ya mtihani nikajiambia muhula ujao. Muhula wa pili ukafunguliwa kijana hayupo, nikaambiwa wamerudi kwao Vanga. Daftari lake akaenda nalo, na ile X yangu ndani.

Tarehe 3 Oktoba niliwatoa tena wale wale, rula ile ile, saa sita na dakika 10. Kivuli kikaingia chini ya rula kama kimemezwa. Nikawaeleza yote, hesabu yote, na kwamba Machi niliwaandikisha uongo. Walinyamaza, kisha mmoja akauliza, mwalimu, kwa hivyo yule wa Vanga alikuwa sawa? Nikasema alikuwa sawa. Hakucheka mtu.

Kwa hivyo wadogo zangu, mtoto wa pwani akikwambia babu kasema, kaa kitako usikilize kwanza. Anaweza kuwa na kosa lakini aghalabu ana kitu alichokiona.

4. Kusi na kaskazi musivifundishe kama msamiati wa Kiswahili, ni jiografia tupu. Kuanzia Aprili jua liko kaskazini, bara la Asia lapata joto, hewa yake yapanda, kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, lashuka, na hewa ya bahari ya kusini yavutwa kwenda huko, ndiyo kusi. Ikifika Novemba Desemba mambo yageuka, Asia imepoa, jua liko kusini, hewa yatoka huko yaja kwetu, ndiyo kaskazi. Na kwa nini isije moja kwa moja? Kwa sababu dunia yajizungusha, upepo ukiwa kusini ya ikweta hupindishwa kushoto, ukivuka ikweta hupindishwa kulia, kwa hivyo kusi lile lile linalotujia kutoka kusini mashariki lafika Bara Hindi likitokea kusini magharibi. Chora ramani moja, mshale mmoja uliopinda, watoto hawatasahau.

Mfano ninaoupenda ni Vasco da Gama. Aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi laanza, na rubani anayejua njia, akafika Calicut, Bara Hindi, tarehe 20 Mei, hata mwezi haukutimia. Kurudi hakungoja kaskazi limkubali, akang'oa nanga mwanzo wa Oktoba, akahangaika baharini karibu miezi mitatu na mabaharia wakamfia kwa wingi. Bahari ni ile ile na jahazi ni zile zile. Nikilisimulia hili darasani hata wale wa nyuma huacha kuchora madawati.

5 na 6 naziunganisha kwa sababu zote ni mvua na kalenda na nimeshaandika sana.

Jua latupitia utosini mara mbili, na ule ukanda wa mvua walifuata jua ukichelewa wiki kadhaa, ndiyo maana tuna mvua mbili, ile ya mwaka ambayo wengine mwaiita masika, na vuli. Mombasa mvua ya mwaka yashika sana Mei, si Machi, musikopi tarehe za bara. Na kila mvua kubwa musiseme El Niño, lile joto la bahari ya Pasifiki, tafadhali. Ya 1997 ilikuwa El Niño, ya 2023 pia ilikuwamo, lakini vuli ya 2019 iliyotuzamisha ilikuja bila El Niño ya maana, kilichotokea ni bahari yetu upande huu kupata joto kuliko upande wa Indonesia. Hiyo ni mambo ya mwaka mmoja mmoja. Tofautisheni mvua ya leo, msimu wa kila mwaka, na tabianchi ya miaka thelathini, mtoto akivichanganya hivyo vitatu hata mtihani utampiga.

Kalenda sasa. Hili ni zuri na hakuna kitabu kilichonipa, nililipata darasani. Waulize watoto Ramadhani huja msimu gani. Watabishana, mmoja asema ya joto, mwengine asema babake asimulia ya baridi na mvua. Wote wako sawa, mwaka wa mwezi ni siku 354, kila mwaka Ramadhani yarudi nyuma kama siku 11, yazunguka misimu yote. Kwa hivyo mwezi wakwambia siku za ibada lakini haukwambii lini upande wala lini jahazi liondoke, hayo yafuata jua. Na wazee wetu walilijua hilo, ndiyo wakawa na hesabu nyengine ya pembeni, wakihesabu miongo, kumi kumi, kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wao wa jua, mpaka mwaka wa siku 365 utimie. Mkulima na nahodha walikuwa na kalenda ya obiti ya dunia kabla hatujaletewa silabasi. Mwambie mtoto hivyo umwone anavyokaa wima.

Yule kijana wa TP nilimwita baada ya kipindi, tukakaa chini ya mwarobaini. Nilimweleza la umbali, nikamweleza na la Vanga. Alikuwa kimya muda, kisha akaniuliza, sasa mwalimu wale nitarudi niwaambie nini? Nikamwambia rudi uwaambie Jumanne nilikosea, basi, watakuheshimu zaidi, uwaombe wakate wenyewe kwenye madaftari.

Alhamisi ana dabo lesoni nao kabla ya lanchi. Amekuja kuniomba rula ya mita na uzi wa timazi nimempa. Nimemwambia awatoe uwanjani wawe tayari saa sita na dakika 26, jua sai liko kaskazini mbali nasi, kivuli kitakuwa karibu nusu mita kimelala upande wa kusini, na anayeshika rula awe yule msichana aliyeuliza.