Maswali ya Wasomaji: Tumwekee Sangara Alama Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, naongoza wavuvi wa burudani chini ya maporomoko ya Murchison, kwenye Mto Nile nchini Uganda. Wageni huvua sangara, yaani mputa, kisha humrudisha mtoni. Tunataka kuwawekea samaki hao alama ili tujue kama wanavuliwa tena. Wenzangu wanabishana: lebo za plastiki au chipu za kuingizwa mwilini? Tutapimaje ipi inafaa? – Msomaji, Pakwach

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kulinganisha bei, jiulizeni ni nani atakayeiona alama hiyo. Chipu, ambayo ya kawaida ina urefu wa milimita 12 na haina betri, hudumu miaka mingi, lakini haisomeki mpaka kifaa cha kuisomea kisogezwe karibu kabisa na samaki. Sangara wenu akiteremka na mto hadi Ziwa Albert akanaswa kwenye wavu, mvuvi atampasua na kumuuza bila kujua lolote. Lebo, ambayo huchomekwa chini ya pezi la mgongo ili kichwa chake kinase kwenye mifupa, mvuvi huyo ataiona na kuisoma namba, ingawa huota mwani na wakati mwingine hung'oka.

Kung'oka huko ndiko kunakopotosha hesabu zaidi, kwa sababu samaki aliyepoteza lebo huhesabiwa kama ambaye hajawahi kuvuliwa, na idadi ya samaki mtoni, inayokadiriwa kwa sehemu ya wenye lebo kati ya wanaovuliwa tena, huonekana kubwa kuliko ilivyo. Dawa yake ni kuwawekea baadhi ya samaki lebo mbili kila mmoja. Tuseme baadaye mnawapata 40 kati yao, 30 wakiwa na lebo zote mbili na 10 wakiwa na moja. Chukueni 10, mgawanye kwa jumla ya 10 na mara mbili ya 30, yaani 70: kila lebo ina uwezekano wa takriban asilimia 14 wa kupotea. Waliopoteza zote mbili hamtawatambua, lakini hesabu hii imekwisha kuwazingatia, mradi lebo moja isisababishe nyingine kung'oka.

Vifo vinavyosababishwa na alama navyo vipimwe. Wekeni kizimbani samaki wenye alama pamoja na wengine waliovuliwa vivyo hivyo bila kuwekewa alama, la sivyo mtailaumu lebo kwa madhara ya ndoana.

Kwa maoni yangu, anzeni na lebo, mkiongeza chipu kwa samaki wachache ili ziwe shahidi wa lebo zilizong'oka. Chipu iingie kwenye uvungu wa tumbo, ili itolewe pamoja na matumbo, wala si kwenye mnofu unaoliwa. Na kwa kuwa mto huo umo ndani ya hifadhi, kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda kitangulie.